Nani Yuko Juu ya Banda

Jogoo wa mama alikuwa na sauti mbili za hatari, na mama alizijua zote mbili. Kicheche akipita kwenye migomba, jogoo alipiga kelele za kukatika-katika na kuku wote walisimama wima, shingo zimenyooka. Hatari ikitoka juu, alitoa mluzi mmoja mwembamba, mrefu, na mara moja uwanja ulikuwa mtupu: vifaranga chini ya mbawa za mama yao, mitetea ndani ya mibuni, na jogoo mwenyewe amelaza kichwa upande, jicho moja limeelekea mawinguni. Mama alikuwa jikoni, hajaona chochote. "Toka, baba, ukatazame ni nani," aliniambia.

Nilikulia Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, katika kihamba chenye migomba, kahawa, miringaringa miwili mikubwa na mstari wa migrevilea kandokando ya mfereji. Kazi ya kutoka na kutazama ilikuwa yangu kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na macho yangu yalikuwa mazuri. Nilipokwenda chuoni kusomea ualimu wa biolojia nilikuta wanasayansi wa tabia za wanyama wameshaichunguza milio hiyo miwili kwa vinasa sauti na kwa vivuli vinavyopitishwa juu ya vizimba. Wamethibitisha kwamba kuku anamtofautisha adui wa angani na adui wa ardhini, na anawaarifu wenzake kwa mlio unaostahili. Mama hakuhitaji kuthibitishiwa. Lakini liko jambo ambalo hata jogoo hawezi kukwambia: katika hao wa angani, yupi amefuata vifaranga na yupi amefuata panya. Hilo lazima utoke nje ukaone mwenyewe. Nimeishi Kibosho, nikaishi Dar es Salaam, sasa niko Moshi mjini, na kote huko sijaona elimu ya ndege yenye faida ya karibu zaidi kwa mwenye nyumba kuliko hiyo. Watu wengi huwaita wote mwewe, na mwewe kwao ni mwizi, na mwizi hupigwa mawe.

Basi tuanze na huyo mwizi, maana ukimjua yeye barabara umeshawaokoa wengine.

Mwewe halisi ni wa kahawia mwili mzima. Mkubwa ana mdomo wa njano unaoonekana hata kutoka mbali, lakini kinda lake lina mdomo mweusi, na hata wale jamaa zake wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kati ya Oktoba na Machi wana mdomo mweusi pia. Kwa hiyo mdomo usiutegemee sana. Tegemea mkia. Mkia wa mwewe una panda, na hautulii: anaupinda kushoto, anaupinda kulia, anausokota huku mabawa yamelegea, na kwa mkia huo anajiongoza kati ya nyaya, mapaa na matawi bila kupiga bawa. Akiukunjua wote panda hupotea na ncha yake huwa karibu imenyooka, lakini ngoja kidogo, ataukunja tena. Hakai sana mahali pamoja mchana. Anazunguka, anapita chini kwa chini juu ya barabara, juu ya soko, juu ya jalala, akitafuta cha kuokota: panya aliyegongwa na gari, utumbo wa samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, chapati iliyo mkononi mwa mtoto wa shule. Kiota chake hukitandika matambara, karatasi na vipande vya mifuko ya plastiki. Ukiona kiota juu ya mti mrefu kinaning'iniza kitambaa, umeshapata anwani yake.

Vifaranga anachukua, sitamtetea kwa hilo. Hushuka mara moja, hanyati, anadaka kwa kucha na kuendelea na safari, na mara nyingi anakula huko huko angani. Lakini miguu yake ni midogo na haina nguvu nyingi. Mtetea mkubwa hamwezi. Mtu akikwambia mwewe amembeba kuku wake wa mayai, mwulize amepotea saa ngapi. Kama ni usiku, katafute kicheche au kanu. Kama ni mchana, endelea kusoma.

Baba mdogo alipoteza vifaranga karibu wote wa mtetea mmoja katika msimu mmoja wa kiangazi, akakasirika kwa haki. Akachonga manati, akakusanya mawe ya mfereji, na akaja uwanjani kwetu kwa sababu ndege aliyemshuku alikuwa amekaa kwenye kilele kikavu cha mgrevilea wetu. Nilikuwa pale. Ndege alikuwa mnene, kifua cheupe kabisa, mgongo mweusi, amesimama wima bila kujali watu. Mama akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Shemeji, huyo siye," akasema.

"Siye vipi, shemeji? Si huyu hapa, anachungulia banda."

"Amekaa hapo tangu tunakunywa uji. Mwewe gani anakaa hivyo? Halafu mtazame mkia akiruka. Ukiona panda, mpige. Usipoona, niachie ndege wangu."

Baba mdogo alimheshimu mama, akashusha manati. Ndege aliporuka tuliuona mkia wote: mfupi, mpana, umekatwa sawa, wa rangi ya tofali lililochomwa, na jua likiupenya kwa nyuma ulikuwa mwekundu mtupu. Hakwenda bandani. Alikwenda kwenye kingo za mfereji, akasimama hewani akiupokea upepo kwa mabawa yaliyotulia, kisha akashuka miguu mbele. Alipopanda tena alikuwa na fuko, yule mnyama anayekata mizizi ya migomba kutoka chini na kumwachia mkulima mgomba unaoanguka bila sababu. Baba mdogo alikuwa amehangaika na mafuko hao kwa mitego ya waya mwaka mzima.

Huyo ndiye ndege ambaye vitabu vinamwita shakivale, Buteo augur. Wawili, dume na jike, hushika eneo lao mwaka mzima na kuishi humo miaka mingi. Ukimwona leo kwenye nguzo fulani, wiki ijayo mtafute pale pale. Chakula chake kikubwa ni panya, mafuko, mijusi na nyoka. Kifaranga anaweza kumchukua, mara chache, lakini ukiweka hesabu ya mwaka mzima kwenye mizani, kihamba kinamdai yeye kidogo sana na yeye anakidai kihamba kingi. Na hapa nieleze kwa nini siwaanzishii watu na rangi. Shakivale yuko wa aina mbili: mwenye kifua cheupe, na mwingine mweusi tii kuanzia kidevu hadi tumbo, ambaye huonekana zaidi kwenye milima yenye misitu na mvua nyingi. Ni ndege mmoja, wanaoana. Kinda lake tena ni la kahawia, na mkia wake bado haujawa mwekundu. Mtu anayehifadhi rangi peke yake kichwani atahesabu ndege watatu pale alipo mmoja. Lakini umbo haligeuki: mabawa mapana, mkia mfupi, namna ile ya kusimama hewani na kukaa kwa saa nyingi mahali peupe akitazama chini.

Kukaa ni ushahidi mkubwa. Mwindaji wa panya hukaa wazi, juu ya nguzo au tawi kavu, kwa sababu panya hamwoni na wala hamtafuti juu. Tai mwenye ushungi ni hivyo hivyo. Ukipita barabara ya Machame asubuhi ukaona ndege mweusi kwenye nguzo ya umeme, nyoya refu limesimama utosini na linapeperuka, huyo ndiye. Akiruka utaona madirisha mawili meupe karibu na ncha za mabawa. Naye ni wa panya. Mwindaji wa ndege, kinyume chake, hujificha. Anakaa ndani ya majani, katikati ya mti, na unaweza kuishi naye uani miaka mingi bila kumwona akiwa ametulia.

Ndiyo maana hao wa kundi la kipanga huwatambui kwa macho kwanza. Unawatambua kwa alama walizoacha na kwa fujo ya wenzao. Duara la manyoya ya njiwa chini ya mkaratusi, mengi, safi, yamenyonyolewa moja moja, ni kazi ya kipanga. Mwewe hanyonyoi kwa mpangilio namna hiyo. Kama manyoya ni ya njiwa mkubwa au ya kuku anayekaribia kutaga, mtuhumiwa wa kwanza ni yule kipanga mkubwa mweusi, Accipiter melanoleucus, mweusi juu na mweupe chini, na karibu kila mara ni jike. Katika ndege hawa jike ni mkubwa kuliko dume kwa kiasi kinachoshangaza. Jike la kipanga mweusi hukaribia kilo moja, dume lake linaweza kuwa nusu kilo na ushee tu, na wanawinda vitu tofauti. Watu wengi wamewaona wawili hao kwenye mti mmoja wakadhani ni mzazi na mtoto.

Mwingine wa jamaa hii husikika kabla hajaonekana. Alfajiri, jua halijachomoza vizuri, Moshi mjini au kwenye vitongoji vya Nairobi vyenye miti, utasikia mlio mmoja mkavu, "kwit", kimya cha sekunde mbili tatu, "kwit" tena, kutoka mbali sana juu. Watu huuchukua kuwa wa chura au wa ndege mdogo kwenye ua. Ukitazama kwa muda utakuta nukta inazunguka juu ya mji: ni kipanga wa Afrika anatangaza mipaka ya nchi yake. Baada ya saa mbili asubuhi amekwisha kuingia kwenye miti na hutamwona tena siku nzima.

Nilipopangiwa kufundisha Dar es Salaam nilidhani nimeachana na haya. Badala yake nilipata walimu wapya: kunguru. Kunguru hawa wa mjini, wa shingo ya kijivu, asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka na kuenea pwani yote, na madhara yao kwa ndege wa asili yanajulikana: wanakula mayai, wanakula makinda, wanawafukuza wakubwa wao. Siwapendi. Hata hivyo ndege mwindaji haingii mtaa wa Dar bila kunguru kupiga yowe, na yowe hilo ukilisoma linakwambia mengi. Wakimfuata ndege mdogo, wa kijivu, anayekatiza haraka kutoka mwarobaini hadi mwembe, kawaida ni yule kipanga mdogo wa pwani ambaye dume lake lina macho mekundu. Anawinda mijusi na ndege wadogo. Wakimzingira ndege aliyetulia kwenye waya, mnene kidogo, asiyejali, mtazame koo: akiwa na mstari mmoja mweusi ulioshuka wima katikati ya weupe, ni yule mla mijusi wa kwenye minazi, na alama hiyo haina ndege mwingine wa kumchanganya naye. Lakini njiwa wa mjini wakilipuka wote kwa pamoja kutoka kwenye mapaa ya maghorofa, wakabana kundi na kuzunguka kwa kasi bila kutua, usitazame kunguru. Tazama juu kabisa. Hapo yuko kozi, mabawa yamechongoka, na huenda umebakiwa na sekunde chache tu kabla hajafunga mabawa na kushuka.

Siku zangu za Dar zilikuwa na zawadi moja ambayo bara sikuwahi kuipata. Nilikaa chumba cha juu kwenye ghorofa la zamani, Upanga, na jioni nilizoea kupanda darini kupunga upepo. Adhana ya magharibi ikiisha, popo wadogo walianza kutoka chini ya mapaa, mmoja mmoja, kisha makundi. Na jioni moja akatokea kati yao ndege mweusi mwenye mabawa marefu. Kwa umbo nilimwona ni kozi mkubwa, ila saa ile kozi wengi wamekwisha kulala, na bundi hana mabawa ya namna hiyo wala mwendo huo. Alipita usawa wa kichwa changu. Alinyoosha mguu mmoja, akamshika popo hewani, akaupeleka mguu mdomoni na kummeza mzima huku anaendelea kuruka, hakupunguza hata mwendo. Kisha wa pili. Mdomo wake kwa nje ni mdogo, lakini kinywa kinafunguka hadi chini ya macho, na macho yenyewe ni makubwa, ya njano, yaliyoumbwa kwa mwanga hafifu. Koo lina weupe. Huyo ni mla-popo, Macheiramphus alcinus. Mchana hujificha kwenye mti mkubwa, mbuyu mara nyingi, na riziki yake ya siku nzima huitafuta zaidi katika nusu saa ile ya magharibi. Hapa utambuzi hauhitaji rangi wala mkia. Saa ya ukutani inatosha. Mwenye kukaa Tanga, Mombasa au Dar, mwenye paa lenye popo, apande juu saa kumi na mbili na nusu na asubiri.

Niliporudi Moshi kufundisha, shule niliyopewa ilikuwa na mnazi wa mapambo mbele ya ofisi, na mnazi huo ulijaa viota vya mnana. Hapo ndipo wanafunzi wangu walipomwona kwa karibu yule ninayempenda kuliko wote. Ni mkubwa, wa kijivu, mabawa mapana kupita mwili unavyodai, kichwa kidogo, mkia mweusi wenye mkanda mmoja mweupe katikati, miguu mirefu ya njano. Jina lake la kitaalamu ni Polyboroides typus. Alifika wakati wa mapumziko ya saa nne, minana wote wakipiga kelele, akaning'inia kwenye makuti kichwa chini huku mabawa yakipigapiga kutafuta mizani. Kisha akaingiza mguu ndani ya kiota cha kwanza na kuanza kupapasa, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko mrefu wa koti. Kifundo cha mguu wake kinakunjika mbele na nyuma, na kwa hiyo mguu huo unaweza kupinda kona ndani ya kiota au ndani ya tundu la mti ambako mdomo wa ndege mwingine haufiki. Wanafunzi walikuwa hatua chache tu chini yake. Mmoja wao, binti aliyekaa mbele kabisa, akasema kwa sauti: "Mwalimu, uso wake umebadilika!" Ilikuwa kweli. Uso wa ndege huyo hauna manyoya, ni ngozi tupu ya njano, na alipopata kinda la mnana ngozi ile iligeuka nyekundu mbele ya macho yetu, kwa damu iliyopanda kwa msisimko.

Wapo waliotaka afukuzwe kwa sababu anawaonea minana. Niliwaelewa, kinda lile lilikuwa halijafungua macho. Lakini minana walijenga tena wiki ile ile, na msimu uliofuata mnazi ulikuwa na viota vingi kama kawaida. Kuku wa mpishi, waliokuwa wakichakura chini ya mnazi huo huo, hakuwagusa. Alikuwa na kazi yake, naye aliijia hiyo tu.

Yako pia makundi yanayopita bila kukaa. Vuli ikianza, Novemba na Desemba, kaskazi ikishika, kumbikumbi wanatoka ardhini baada ya mvua, na angani juu ya mashamba ya miwa ya Arusha Chini huonekana kozi wadogo wengi wakiwadaka kumbikumbi kwa miguu. Baadhi yao ni kozi wa Amur. Wamezaliwa Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, wamepumzika kaskazini mashariki mwa India, kisha wamevuka bahari, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua, wakisukumwa na upepo ule ule ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Wanaelekea kusini mwa Afrika. Mmoja aligonga dirisha la bweni usiku wa dhoruba, na asubuhi nilimshika mkononi kabla hajapata nguvu za kuruka: dume, kijivu cha makaa, mapajani rangi ya kutu, miguu ya rangi ya chungwa iliyoiva, na upande wa chini wa bawa, nilipolikunjua kwa kidole, weupe uliokatwa kwa mstari mkali na weusi. Weupe huo ndio alama yake akiwa juu. Ndege huyu hafiki gramu 200. Alifungua macho, akanitazama, akanifinya kidole kwa kucha zake, na nilipomweka juu ya ukuta aliondoka kuelekea kusini bila kuzunguka.

Jambo lililonisukuma kuandika haya, hata hivyo, liko karibu zaidi na nyumba zetu. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada walichapisha ulinganisho wa hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kandokando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na tena kati ya 2003 na 2020. Katika aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Shakivale, yule wa mgrevilea wetu, alikuwa amepungua kwa asilimia 91. Tai mwenye ushungi, asilimia 94. Hawa ni ndege wa mashamba na wa miji midogo, wala si wa mbugani peke yake, na Taveta iko ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Holili. Sababu ni nyingi: miti mirefu ya kujengea imekatwa, nyaya za umeme zinawaua wale wenye mabawa mapana wanaogusa waya mbili kwa pamoja au waya na chuma cha nguzo, na iko sumu. Juu ya miti na nyaya, mimi na wewe tuna uwezo mdogo. Juu ya sumu tuna uwezo wote.

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani na mitaani haziui papo hapo. Huzuia damu isigande, na panya huchukua siku kadhaa kabla ya kufa. Katika siku hizo anatembea polepole, anatoka mchana, anasinzia mahali peupe. Hakuna panya rahisi kushikwa kuliko huyo. Shakivale anamchukua, mwewe anamwokota, bundi anawabebea makinda yake, na aina kali za sumu hiyo hukaa kwenye ini kwa miezi. Wakati huohuo panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro wamemchunguza kwa miongo mingi, anaweza kuzaa watoto 10 hadi 12 kwa mkupuo mmoja. Ukiua wawindaji wake pamoja naye, yeye ndiye atakayejaza nafasi kwanza.

Katika ghala la shule yetu aliishi bundi wa mabandani, mwenye uso mweupe, na mwenzi wake. Hawa hawaiti kwa mlio mzito. Wanakwaruza, sauti ya kutisha kweli usiku, na walinzi walisema wazi kwamba bundi anatangaza msiba. Sikubishana nao juu ya imani. Niliwaomba wanafunzi waokote vidonge vya manyoya vilivyotapikwa chini ya boriti, tukavilowesha kwenye bakuli za maji na kuvifungua kwa sindano na vijiti. Kila kidonge kilitoa mafuvu, mawili, matatu, mengine manne, na katika kila taya meno ya mbele yenye rangi ya machungwa, ambayo kila mwanafunzi aliyewahi kukamata panya anayajua. Tuliyapanga kwenye karatasi nyeupe, tukaibandika kwenye ukuta wa bwalo. Mtunza ghala alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ni kweli yote yametoka chini ya boriti moja, nikamwambia ni kweli, na mengine kama hayo umekuwa ukiyafagia wewe mwenyewe kila Jumamosi. Wiki iliyofuata alinunua mitego ya chuma, na makopo ya sumu akayarudisha kwa mkuu wa shule.

Walinzi bado hawampendi bundi, lakini ngazi ya kupandia darini wameiondoa, wakaifunga stoo. Makinda matatu yamekwisha kuruka. Kwa mwenye kuku nyumbani ushauri wangu ni ule ule wa mama: vifaranga wakae chini ya tenga au wavu hadi waote manyoya ya kutosha na kujifunza kukimbia kwa mluzi, maana mwewe anachukua kile kilicho wazi. Mpande mti mrefu mmoja ikiwa mliukata. Na kabla ya jiwe lolote, tokeni mkatazame.

Kidato cha pili sasa wana daftari lao la ndege wawindaji wa shule. Wamelichora wenyewe kwa rula, safu kwa safu: tarehe, saa, alikuwa wapi, alikaa wazi au alijificha, mkia una umbo gani, alikuwa anafanya nini, ndege wengine walifanya nini. Safu ya rangi wameiweka mwisho, na mara nyingi wakiifikia jina limeshaandikwa.